Kibuyu cha Mama na Gundi ya Muwati

Kukaa siwezi. Nikiwa kwa mtu, macho yangu yanatafuta kama mlango wake umekaa sawa kwenye fremu. Nikiwa kanisani nahesabu mbao za dari. Nadhani ndiyo sababu nimefika nilipofika. Nilitoka Langas na begi moja la mgongoni na diploma ya teknolojia ya mbao, nikaenda Ghuba, nikaanza kwa kupiga msasa milango ya watu, na nilipoondoka huko miaka tisa baadaye nilikuwa msimamizi wa karakana yenye mafundi kutoka nchi sita. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua. Nyumba ya mawe anayoishi mama leo kule Yamumbi niliijenga mimi, na kila mlango uliomo niliupima, nikaukata na kuufunga mwenyewe. Nikijisifu kidogo sioni ubaya. Wako wanaojisifu kwa vitu walivyorithi.

Lakini mtu wa namna yangu akikosa kazi anakuwa hatari. Mwaka niliorudi, mashine zangu zilikuwa bado ziko njiani kutoka Mombasa, karakana ilikuwa kuta nne na harufu ya saruji mbichi, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba ya mama kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilirekebisha mlango wa choo ambao haukuwa na shida. Nilihamisha tangi la maji, kisha nikalirudisha. Halafu Jumatatu moja nikaingia jikoni na kuona ile rafu.

Ilikuwa rafu ya mbao za saipras ambayo marehemu baba aliipigilia ukutani tulipokuwa tukiishi Langas. Mama alihama nayo. Nilimjengea jikoni ya vigae, yenye sinki mbili, naye akamwita fundi akaitundika takataka ile katikati ya ukuta wangu. Nilikuwa nimeshachora kabati za kuchukua nafasi yake. Tena wageni walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki hiyo hiyo: wazee wa upande wa mwanamume aliyetaka kumwoa dada yangu, kitinda mimba wetu, walikuwa wanaleta mahari. Mimi ndiye ningekaa kiti cha baba. Sikutaka wake zao waingie jikoni waione rafu ile.

Nilitoa sufuria, nikatoa vikombe, nikaingiza chuma nyuma ya mbao na kuvuta. Sikuwa nimekiona kibuyu. Kilikuwa kimesukumwa pembeni kabisa, nyuma ya mtungi wa chumvi. Kilianguka mara moja tu, kwenye vigae nilivyovilaza mimi.

Lazima nieleze kibuyu hicho. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani, shingo ndefu, tumbo limeng'aa kwa kushikwa. Nyanya yangu alimpa mama alipoolewa, kabla hawajahamia huku kutoka kwao katikati ya nchi kutafuta shamba na kuishia kufungua duka. Kwetu wazee hawazungumzi mahari na koo kavu. Kwanza wananyweshwa uji uliochacha, na uji huo unatoka kwenye kibuyu. Siku hizi wengi wanatumia jagi la plastiki. Mama husema jagi ni la maji ya kunawa. Kwa kibuyu kile wazee walinywa siku yake, wakanywa siku za wadogo zake wawili, na kilikuwa kinamngojea dada yangu.

Ufa ulitoka begani ukashuka hadi karibu na kitako. Mama alikuja, akafuta mikono kwa kanga, akaangalia.

"Kimepasuka," akasema.

"Nitakitengeneza."

"Wewe?"

"Mama, hii ni kazi yangu. Mti, mbao, kibuyu, yote ni kitu kimoja. Nimesomea."

Akakiokota, akapitisha kidole kwenye ufa. "Jumatano jioni nipate kibuyu kinachoshika uji. Kisiposhika nitawapigia simu waje mwezi ujao. Siwezi kuwapa wazee wa watu uji kwa jagi halafu niseme nimemwoza msichana."

Dada yangu alikuwa mlangoni na simu mkononi. Alikuwa ameshatafutiwa gauni, watu wa upande wa pili walikuwa wameshakodi gari. Alinitazama, akageuka akarudi chumbani.

Kesho yake nilienda sokoni mjini kwa mama mmoja anayeuza vibuyu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Nilijua anashona pia vilivyopasuka. Alikigeuza kibuyu, akakigonga kwa kucha, akakileta sikioni.

"Nani amekiangusha?"

"Kimeanguka."

"Vibuyu havina miguu, kastoma. Nunua kipya. Huyu ni mzee, mwache apumzike."

"Nataka kishonwe tu. Kuziba nitaziba mwenyewe. Mimi ni mtaalamu wa mbao, nina diploma."

"Ooh. Injinia." Akachukua sindano na uzi wa mkonge, akatoboa tundu la kwanza kando ya ufa. "Na utaziba na nini, Injinia?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa sababu nilikuwa na muda na yeye alikuwa na matundu mengi ya kutoboa. Nilisema mti una maji yake, yanayopanda kutoka kwenye mizizi na mengine yanayoshuka kutoka kwenye majani yakiwa na chakula. Hayo ni kama damu, ukikata mti yanatoka, yanakauka, yanaisha, huwezi kuzibia kitu. Lakini ipo miti ambayo ikijeruhiwa inatoa kitu kizito cha kunata, kinachoganda juu ya kidonda. Hiyo ni dawa ya mti, inazuia wadudu na uozo. Mafundi tunaita ulimbo. Nikamwambia kwamba kule Ghuba bosi wangu alikuwa akichoma ubani ofisini kila asubuhi, na ubani pia ni jamii hiyo hiyo, unatoka kwenye jeraha la mti. Nikamwambia kuwa fundi wa redio anayetumia kile kijiwe cha manjano akiunga nyaya kwa risasi ya moto anatumia ulimbo wa msonobari. Nikamwambia vanishi za zamani zilitengenezwa kwa ulimbo.

"Kwa hivyo unatafuta ubani?"

"Sihitaji kwenda mbali hivyo. Miwati imejaa nyuma ya kwetu. Ile gundi yake ni ngumu kama kioo."

Alisimamisha sindano. "Gundi ya muwati. Umewahi kuionja?"

"Tangu utotoni. Tulikuwa tunaitafuna tukitoka shule."

"Basi," akasema, akarudi kwenye kushona. Nilidhani ananitania. Alinifungia fundo la mwisho, akanirudishia kibuyu. "Salimia mama yako. Mwambie nina vipya vya bei nzuri."

Miwati ni ile miti myembamba yenye maua ya manjano ambayo huku kwetu watu huipanda kwa kuni na makaa, na maganda yake huuzwa kwa wanaotengeneza ngozi. Nilikua nayo. Tulipokuwa watoto Langas tulitembea mpaka mashambani kubandua vidonge vya gundi kwenye magome, vyekundu kama sharubati, tukavitafuna, na vilivyobaki tukavitumia kugundishia vitabu na kutengeneza tiara. Hakuna kitu kilichowahi kubanduka. Nilikumbuka hivyo vizuri sana Jumatano asubuhi nikiwa nazunguka uzio wa nyuma na kisu na kopo, nikichuma kutoka mti huu hadi ule, huku viatu vyangu vya ngozi vikiloa umande.

Niliitwanga, nikailainisha kwa maji kidogo ya moto, nikaijaza kwenye ufa na kwenye kila tundu la sindano. Nikakiweka kibuyu juani. Jumatano saa kumi ilikuwa inang'aa kama kito. Nilijaribu kuikwangua kwa patasi, patasi ikateleza. Nikamwita dada.

"Gusa hapa."

Akagusa. "Iko sawa."

"Iko sawa? Hii ni kazi ya kiwango cha kimataifa. Unajua tofauti ya maji ya mti na ulimbo?"

"Brathe, tunataka kibuyu, si lekcha."

Alikuwa anacheka, lakini alinishika mkono kidogo akipita, na nikajua kwamba tangu Jumatatu alikuwa hajalala vizuri. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Hakusema ahsante, alisema, "Baba yako hangeweza hii," na mimi nikaenda kusimama nje peke yangu kwa muda, nikapiga simu tatu kwa watu ambao sikuwa na haja nao.

Alhamisi mama alipika uji wa mtama na mawele, akauacha upoe, akaumimina ndani ya kibuyu ukae uchache polepole hadi Jumamosi. Akakifunika mdomo kwa jani la mgomba na kukiegemeza kwenye pembe ya jikoni.

Ijumaa asubuhi nilisikia mama akiita jina langu mara moja tu. Mama akiita mara mbili ni kazi ndogo. Akiita mara moja ni jambo.

Uji ulikuwa umetambaa kwenye vigae vyangu mpaka chini ya friji. Kibuyu kilikuwa kimebaki na robo. Nilikiinua, nikapitisha kidole kwenye ufa, na ile gundi ngumu kama kioo ilikuwa imekuwa utelezi, ute mtupu, kama bamia iliyochemka. Uzi wa mkonge ulikuwa unachungulia bila kitu cha kuufunika.

Nilitia kidole mdomoni, sijui kwa nini. Ilikuwa ladha ya uji mkali, na chini yake ladha ile ile ya kutoka shule. Na hapo nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiitafuna: inalainika, inatanuka, kisha inayeyuka kwenye ulimi mpaka inaisha. Ndiyo maana tulikuwa tunatafuta nyingine. Vile vitabu nilivyogundishia, nikikumbuka kwa haki, mvua ikinyesha vilirudi kuwa karatasi. Mama wa vibuyu aliniuliza swali moja, na jibu lake nilikuwa nalo mdomoni tangu nikiwa na miaka saba.

Kosa langu nalijua vizuri sasa, na sioni haya kuliandika, maana wenye diploma nyingi zaidi yangu wangelifanya. Nilitenganisha vitu viwili wakati viko vitatu. Yako maji ya mti. Iko gundi, kama ya muwati, ambayo pia inatoka kwenye jeraha na kuganda, lakini asili yake ni jamii ya sukari, kwa hivyo maji yanaimaliza. Na uko ulimbo wa kweli, wa msonobari na mierezi na saipras, wenye asili ya mafuta. Huo maji yanapita juu yake kama juu ya jani la nduma. Moto unauyeyusha, gundi ya muwati ukiichoma inakuwa mkaa tu. Ukiviweka kwenye kiganja, kidonge cha gundi na kidonge cha ulimbo, vinaweza kuwa na rangi moja na mng'ao mmoja. Ningetema mate kwenye kidonge kimoja tu ningejua.

Mama alikuwa ameshika simu. Hakuwa amepiga bado. Alikuwa anaipangusa kwa kanga, upande wa mbele, upande wa nyuma.

"Mama, nipe mpaka jioni."

"Jumatano uliniambia umemaliza."

"Nilikosea mti."

Akaacha kupangusa simu. "Wewe kijana, umewahi kusema hilo neno tangu urudi?"

Dada alitoka chumbani akiwa amejifunga leso kichwani. Aliona sakafu, akaona simu. "Nimeshaambia watu wa kazini," akasema polepole. "Mama, nimeshaambia kila mtu." Kisha akachukua matambara akaanza kupangusa uji, na hakunitazama. Heri angenitukana.

"Jioni," mama akasema. Alikwangua uji uliobaki kibuyuni akautia kwenye sufuria kuwa chachu ya uji mpya, akaiweka karibu na jiko ipate joto. Nilipoona hivyo nilijua bado ananiamini kiasi, au anamwamini Mungu kiasi.

Nilichukua pikapu nikaenda upande wa Sugoi, kwenye shamba ambapo huwa nanunua mbao. Walikuwa wamekata misonobari wiki mbili nyuma. Nilizunguka kisiki kimoja hadi kingine nikiwa nimechuchumaa na suruali ya kitambaa. Kila kisiki kilikuwa na pete ya machozi meupe, mengine bado laini, mengine yameshakuwa magumu kama peremende, na harufu yake ilinirudisha kwenye karakana yangu ya kwanza kule chuoni, siku niliyojua kwamba sitakaa kuuza dukani. Nilijaza kopo zima. Mikono ilishikana na usukani njia yote ya kurudi. Nilipojaribu kupiga simu, simu ilining'ang'ania shavuni.

Nilipita sokoni. Mama wa vibuyu aliniona kabla sijazima injini.

"Injinia, imeyeyuka?"

"Imeyeyuka."

Hakucheka. Nilitarajia angecheka, na nilikuwa nimejiandaa. Alichungulia kopo, akanusa. "Hii ndiyo. Lakini ukiipaka hivi ilivyo itapasuka kesho kama sahani. Changanya na mafuta ya ng'ombe kidogo na unga wa makaa. Na upake nje tu, ukipaka ndani wazee watakunywa msonobari."

Hayo ya makaa na mafuta nilikuwa nayajua, yako kwenye vitabu. Nilimshukuru hata hivyo. Nikanunua kata mpya ya kuchotea uji kwake, ambayo hatukuihitaji.

Nilipikia nje, nyuma ya jikoni, kwenye kopo la rangi juu ya jiko la makaa, moto mdogo. Ulimbo ukishika joto unakuwa kama asali, takataka zinazama, na ile harufu kali ya tapentaini inatoka yote hewani. Mara moja moshi wake ulidaka moto na nikaufunika kwa bamba la bati, nusu nyusi yangu ya kulia ikaenda. Nilichuja kwa kitambaa, nikatia mafuta kijiko kimoja, nikatia makaa yaliyotwangwa, nikajaribu tone kwenye maji baridi. La kwanza lilivunjika. Nikaongeza mafuta. La pili lilipinda bila kuvunjika. Nilikwangua gundi yote ya zamani kwa maji ya moto, nikakausha kibuyu juu ya jiko mpaka kikawa na joto la mwili, nikapaka kwa kijiti, nikasawazisha kwa kidole kilicholoweshwa. Mshono mweusi, mnene, usiopendeza hata kidogo. Haukufanana na kito.

Saa kumi na moja nilikijaza maji mbele ya mama, nikakiweka juu ya gazeti kavu. Hakuna aliyekaa. Mama alisimama, dada alisimama akiegemea friji, mimi nilikuwa nazunguka meza. Baada ya nusu saa mama alikiinua, akapapasa gazeti kwa kiganja, akalinusa, akalikunja na kuliweka mfukoni mwa aproni. Simu aliirudisha mezani kifudifudi.

Jumamosi walikuja watu kumi na saba. Uji mpya haukuwa umechacha sana, ila ulikuwa na ukali wa kutosha kumfanya mtu afunge jicho moja. Mama aliumimina kibuyuni mwenyewe, dada akakibeba, akazunguka nacho. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha baba, nimevaa suti niliyoishonesha Ghuba, na ningeulizwa leo mzee wa upande wa pili alifungua vipi mazungumzo nisingeweza kusema. Nilikuwa naangalia kitako cha kibuyu. Kila kilipoinuliwa niliangalia chini yake. Mtu mmoja aliniuliza swali mara mbili, shangazi yetu aliyekaa kando yangu akanigonga kwa goti.

Mikono ya watu ina joto, na ulimbo unapenda joto. Kibuyu kilipofika kwa mzee mwenyewe, yule msemaji wao, alikishika tumboni kwa mikono yote miwili, akanywa, akakirudisha, kisha akageuza kiganja. Kilikuwa na mstari mweusi. Dada alikikumbatia kibuyu kifuani.

Mzee akaleta kiganja puani.

"Huu ni mti gani?"

"Msonobari, mzee," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

"Bibi yangu alifunga vyake hivi. Sijanusa hii tangu nikiwa nachunga." Akanusa tena, kisha akamgeukia mama. "Nani amekifunga?"

Mama angeweza kusema mengi. "Kijana wangu," akasema. "Mara ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza alitumia diploma."

Walicheka wote, wa kwao na wa kwetu, na dada alicheka mpaka akalazimika kukikabidhi kibuyu kwa shangazi. Nilicheka pia. Mzee akanyoosha mkono aongezewe. Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda, na dada yangu aliolewa.

Ile rafu niliirudisha ukutani Jumatatu iliyofuata, kwa skurubu safari hii. Kabati nilizochora ziko kwenye nyumba ya mteja mmoja mjini, na anazisifu. Mashine zilifika, karakana ina kazi, ninaajiri. Lakini nikienda kwa mama, kabla ya kukaa, kabla ya chai, naingia jikoni, nanyoosha mkono juu ya rafu na kupapasa kitako cha kibuyu. Huwa kikavu. Mama hukasirika, husema kaa chini kama watu. Mimi humwambia ninakuja, na napapasa tena.